Elimu Maalumu Shuleni Inahitaji Mratibu Mwenye Muda na Sauti

Kila mwaka, mtihani wa kumaliza elimu ya msingi unapokaribia, Baraza la Mitihani la Tanzania huwakumbusha wasimamizi kwamba watahiniwa wenye mahitaji maalumu waongezewe muda: dakika 20 kwa kila saa katika somo la Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Wasioona huandaliwa karatasi za nukta nundu, na wenye uoni hafifu huandaliwa karatasi zenye maandishi yaliyokuzwa. Ni utaratibu mzuri, na ni wa haki. Hata hivyo, una sharti ambalo halisomwi mbele ya waandishi wa habari, nalo ni kwamba anayefaidika ni yule mtoto tu ambaye shule yake ilimtambua mapema, ikamwandikisha kwa aina sahihi ya hitaji lake na kupeleka taarifa zake kabla ya muda wa usajili kwisha. Mtoto ambaye kwa miaka saba amekuwa akinakili kazi kutoka kwenye daftari la jirani yake kwa sababu haoni ubao, na ambaye hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini anafanya hivyo, ataingia katika chumba cha mtihani kama mtahiniwa wa kawaida na kutoka na alama za mtu aliyeonekana mzembe.

Kumtambua mtoto huyo ni kazi ya nani? Ukiuliza katika ofisi ya walimu utajibiwa kwamba ni ya mwalimu wa elimu maalumu, kama shule inaye. Jibu hilo ndilo ninalotaka kulipinga katika makala haya. Mwalimu wa elimu maalumu tuliyenaye amefundishwa kumfundisha mtoto mwenye hitaji fulani, wakati shule jumuishi, yaani ile inayowafundisha watoto wenye mahitaji maalumu pamoja na wenzao, inamhitaji pia mratibu, mtu aliyefundishwa kuiongoza shule nzima ili mtoto huyo afundishwe vizuri na walimu wote. Hizo ni taaluma mbili. Ya kwanza tumeijenga kwa miongo kadhaa, tena kwa jitihada za kusifiwa, ilhali ya pili hatujaipa jina la kudumu katika muundo wa shule, wala mtaala wake, wala nafasi katika ratiba.

Historia inaeleza tulifikaje hapa. Elimu maalumu nchini ilianza kwa shule za pekee zilizoanzishwa na makanisa: Buigiri, karibu na Dodoma, ilifunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya watoto wasioona, na Tabora ikapata shule ya watoto viziwi mwaka 1963. Baadaye vikaja vitengo vya elimu maalumu ndani ya shule za kawaida za msingi, ambavyo mpaka leo ndiyo sura ya elimu maalumu inayofahamika zaidi: darasa moja au mawili, mara nyingi pembezoni mwa majengo mengine, walimu wawili au watatu, na mkuu wa kitengo. Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha, kimeandaa walimu wa mfumo huo kwa kuwagawa kulingana na aina ya ulemavu, yaani wanaobobea katika ulemavu wa kuona, ulemavu wa kusikia na ulemavu wa akili. Mgawanyo huo una mantiki yake. Nukta nundu haijifunzwi kwa semina ya siku mbili, na lugha ya alama ni lugha kamili inayodai miaka ya mazoezi, kwa hiyo mwalimu asiyeimudu hawezi kumfundisha mtoto kiziwi kwa nia njema peke yake.

Tatizo lilianza pale sera ilipohama na mafunzo yakabaki nyuma. Tanzania ilikubali mwelekeo wa elimu jumuishi uliotangazwa Salamanca, Hispania, mwaka 1994, ikaridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010, na tangu mwaka 2009 imekuwa na mikakati ya kitaifa ya elimu jumuishi inayofuatana. Maana ya vitendo ya nyaraka hizo zote ni kwamba mtoto mwenye hitaji maalumu hatarajiwi tena kukaa kitengoni pekee. Anatarajiwa kuwa katika darasa la tatu B, chini ya mwalimu ambaye hakusomea elimu maalumu na ambaye huenda ana wanafunzi 90 mbele yake. Mkuu wa kitengo, hata akiwa hodari namna gani, mamlaka yake yanaishia kwenye mlango wa kitengo. Hana nafasi rasmi ya kumwambia mwalimu wa darasa la tatu B abadilishe namna anavyoandika ubaoni, na mwalimu huyo naye, akimwona mtoto mwenye usonji, hali inayoathiri namna mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na wengine, husema moyoni mwake kwamba huyu ni mwanafunzi wa wale wa kitengo. Wahenga walikwisha kusema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Uingereza, kwa maana ya England yenyewe, ilikutana na tatizo hili mapema, na mambo iliyoyafanya yanafaa kuchunguzwa pamoja na yale iliyoyakosea. Mwaka 1978 kamati iliyoongozwa na Mary Warnock, mwanafalsafa aliyewahi pia kuwa mwalimu mkuu, ilitoa taarifa iliyobadilisha hesabu nzima ya elimu maalumu. Kamati ilieleza kwamba mtoto mmoja kati ya watano huenda akahitaji msaada maalumu wa kielimu wakati fulani wa maisha yake ya shule, wakati ambapo watoto waliokuwa katika shule maalumu walikuwa takriban asilimia mbili tu. Tofauti kati ya asilimia 20 na asilimia mbili ndiyo kiini cha jambo hili. Watoto waliokuwa katika pengo hilo walikuwa tayari wamekaa katika madarasa ya kawaida, wengi wao bila ulemavu unaoonekana kwa macho: wanaochanganya herufi, wanaosikia nusu ya maneno, wenye kifafa, walioshindwa kutulia, waliofiwa na wazazi wakanyamaza. Hawakuhitaji kuhamishwa. Walihitaji mtu ndani ya shule mwenye kazi ya kuhakikisha kwamba hawasahauliki.

Mtu huyo alipatikana rasmi mwaka 1994, pale mwongozo wa serikali ulipozitaka shule ziwe na mwalimu mratibu wa mahitaji maalumu ya kielimu. Kwa miaka 15 iliyofuata cheo kilikuwapo, mafunzo ya lazima hayakuwapo, na shule nyingine zilimpa kazi hiyo mtu yeyote aliyekuwa na nafasi katika ratiba. Mwaka 2009 ndipo ikaamuliwa kwamba kila mratibu mpya lazima awe mwalimu aliyesajiliwa na apate tuzo ya kitaifa ya uratibu, iliyotolewa na vyuo vikuu katika ngazi ya shahada ya uzamili, ndani ya miaka mitatu tangu aanze kazi. Tangu Septemba 2024 tuzo hiyo imebadilishwa: waratibu wapya sasa husoma sifa ya kitaaluma ya kitaifa, ambayo ni ya jamii moja na zile zinazosomwa na wakuu wa shule na viongozi wengine, huchukua takriban mwaka mmoja na nusu, na haiambatani na alama za shahada ya uzamili.

Mabadiliko hayo ya 2024 yamezua mjadala, nami nadhani kila upande umeshika kipande cha ukweli. Wanaoyatetea husema kwamba mratibu ni kiongozi, hivyo afundishwe kama kiongozi na apimwe kwa namna anavyotatua hali halisi za shule. Wanaoyalaumu husema kwamba tuzo ya awali ilimlazimisha mwalimu kufanya utafiti mdogo katika shule yake mwenyewe, kusoma kwa kina na kuhoji desturi, na kwamba umahiri wa namna hiyo haupatikani katika moduli zilizopangwa kwa kila mtu kwa namna ileile. Kwa mazingira yetu ningeegemea upande wa pili kuhusu maudhui na upande wa kwanza kuhusu muundo. Mratibu asiyeweza kuichunguza shule yake kwa ushahidi atabaki kuwa mtekelezaji wa fomu, lakini kozi inayomtaka aondoke kazini miaka miwili kwenda chuoni itawapata wachache mno, na baadhi ya hao wachache hawatarudi katika shule walizotoka.

Lililo muhimu zaidi katika uzoefu wa Uingereza, hata hivyo, si aina ya cheti. Ni kwamba cheti hakikutosha. Mwongozo wao wa mwaka 2015 unasema shule impe mratibu muda na nyenzo za kutosha, na kwamba kazi yake itafanikiwa zaidi akiwa sehemu ya uongozi wa shule, lakini hautaji ni saa ngapi wala haulazimishi awe katika uongozi huo. Matokeo yake yalitabirika. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Bath Spa uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba waratibu walio wengi walijiona hawana muda wa kutosha kuifanya kazi waliyosomea, na kwamba makaratasi yaliwala muda ambao ungetumika kuwasaidia walimu na watoto. Kwa maneno mengine, nchi ilikubali kugharimia mafunzo na kuyafanya ya lazima kisheria, kisha ikaacha suala la muda mikononi mwa kila mkuu wa shule, ambaye naye ana madarasa ya kujaza na bajeti ya kubana. Sisi ambao hatujaanza tuna bahati ya kuweza kuanzia pale wao walipokwama.

Turudi basi kwenye shule zetu na tuulize mratibu afundishwe nini. Ningeanza na jambo ambalo halipewi uzito unaostahili, nalo ni kutenganisha ugumu wa lugha na ugumu wa kujifunza. Mtoto wa Kimasai au wa Kisukuma anayeingia darasa la kwanza akiwa na Kiswahili kidogo anaweza kuonekana mzito wa kuelewa kwa mwaka mzima. Mtoto aliyefaulu vizuri darasa la saba kwa Kiswahili anaingia kidato cha kwanza ambako masomo karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza, na ghafla anaonekana hajui kusoma. Katika hali zote mbili mwalimu asiye na mafunzo anaweza kukosea kwa njia mbili zinazopingana: anaweza kumhesabu mtoto mzima kuwa ana tatizo la kujifunza, au anaweza kusema ni lugha tu, atazoea, wakati mtoto ana tatizo halisi la kusoma ambalo lingejitokeza katika lugha yoyote. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2014 inakataza waziwazi mtoto kuhesabiwa kuwa na ugumu wa kujifunza kwa sababu tu lugha ya nyumbani kwao ni tofauti na ile anayofundishiwa. Wao walihitaji kifungu hicho kwa ajili ya watoto wa wahamiaji. Sisi tungekihitaji kwa ajili ya mamilioni, na tungehitaji mtu shuleni anayejua namna ya kukitumia: kumsomesha mtoto kwa lugha anayoimudu, kulinganisha, kuuliza wazazi kama ndugu zake walichelewa kusema, kumpeleka akapimwe masikio kabla ya kuhukumu akili yake.

Masikio na macho yanastahili aya yao. Sehemu kubwa ya kile kinachoitwa uzito wa darasani huanzia kwenye mambo ambayo si ya darasani: usaha wa masikio usiotibiwa, uoni hafifu ambao miwani ingeurekebisha, kifafa ambacho familia imekificha kwa kuogopa maneno ya majirani. Mtoto mwenye ualbino kwa kawaida ana uoni hafifu, na kumkalisha dawati la mbele, kumruhusu avae kofia na kumchapia maandishi makubwa ni hatua zisizodai fedha nyingi, ila zinadai kwamba mtu mmoja azikumbuke kwa niaba ya walimu saba wanaomfundisha. Mratibu hahitaji kuwa daktari. Anahitaji kujua dalili, kufanya uchunguzi mwepesi wa awali, kujua rufaa inakwenda wapi, iwe ni kituo cha afya cha kata, hospitali ya wilaya au hospitali kama CCBRT jijini Dar es Salaam, na kisha kufuatilia mpaka majibu yarudi shuleni na kubadilisha kitu darasani. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayoachwa mara nyingi. Mzazi huenda hospitali, hupewa karatasi, huiweka kabatini, na shule haijui kitu.

Sehemu ya pili ya mafunzo inahusu watu wazima, na hapa ndipo mtaala wa sasa wa elimu maalumu ulipo mwepesi. Kazi kubwa ya mratibu ni kumshawishi mwalimu mwenzake, pengine mkubwa wake kwa umri na kwa cheo, kwamba mtoto anayepiga kelele darasani hana utovu wa nidhamu na kwamba fimbo haitaondoa usonji. Ni kukaa na baba anayesema mwanaye amerogwa, bila kumdharau na bila kukubaliana naye. Ni kuongoza kikao ambacho mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa na mama wa mtoto wanaandika pamoja malengo matatu ya muhula, yanayopimika, na kurudi kuyapitia muhula unapokwisha. Mzunguko huo wa kuchunguza, kupanga, kutenda na kupitia upya unafahamika kwa kila aliyesoma ualimu, tatizo ni kwamba kuuendesha kwa watoto 40 walio katika madarasa 14 tofauti, kupitia mikono ya walimu wengine, ni stadi ya uongozi ambayo haijifunzwi kwa kuusoma kwenye kitabu. Hujifunzwa kwa kuufanya huku mtu mwenye uzoefu akikutazama na kukusahihisha.

Halafu kuna kumbukumbu. Nafahamu kwamba neno hilo linachosha, na walimu wetu wana rejesta na fomu za kutosha, lakini mtoto mwenye hitaji maalumu hudhurika zaidi pale anapohama: kutoka awali kwenda darasa la kwanza, kutoka msingi kwenda sekondari, kutoka kijiji kimoja kwenda kingine baba anapohamishwa kazi. Kila mara anaanza upya mbele ya watu wasiomjua, na miezi mitatu ya kwanza inapotea kwa kugundua kile ambacho shule iliyotangulia ilikijua tayari. Ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri, unaosema mtoto huyu anaweza nini, anashindwa nini na ni mbinu gani iliyomsaidia, una faida kuliko faili nene. Kuandika ukurasa huo kwa usahihi na kwa heshima ni jambo la kufundishwa.

Je, mafunzo hayo yatolewe wapi? Hatuhitaji chuo kipya. Patandi inao wataalamu wa ulemavu. Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu ulioko Bagamoyo, ADEM, una uzoefu wa kuwafundisha viongozi wa shule. Mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, tayari yana utaratibu wa walimu kukutana shuleni kwao na katika vituo vya walimu ili kujadili matatizo ya ufundishaji. Kozi ya uratibu ingeweza kuunganisha vyote vitatu: wiki chache chuoni wakati wa likizo, mwaka mmoja wa kazi halisi shuleni chini ya mlezi, na upimaji unaotokana na mabadiliko aliyoyaleta mratibu katika shule yake badala ya mtihani wa kukariri aina za ulemavu. Afisa elimu maalumu wa halmashauri, ambaye leo anatarajiwa kuzihudumia shule zote za wilaya, wakati mwingine bila chombo cha usafiri, angekuwa na mtu mmoja wa kuzungumza naye katika kila shule.

Kenya inatupa kielelezo cha kulinganisha. Huko huduma za upimaji zilianza mwaka 1984, na Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, ikaanzishwa mwaka 1986, kwa hiyo walimu wengi wenye mafunzo ya elimu maalumu wamepatikana na vituo vya upimaji vimesogezwa karibu na wananchi. Ni hatua ambazo Tanzania ingefaidika kuziiga. Lakini upimaji unaofanyika nje ya shule humtambua mtoto na kumrudisha na karatasi. Kinachofuata baada ya hapo kinategemea kama kuna mtu shuleni wa kuipokea karatasi hiyo na kuigeuza kuwa kazi ya kila siku.

Hoja nzito dhidi ya haya yote ni uhaba wa walimu, na sitaipuuza. Mwalimu mkuu mwenye walimu 12 na wanafunzi 1,100 ataniuliza ni vipindi vya nani atakavyovifuta ili mratibu apate nafasi ya kuzunguka madarasani. Nina majibu mawili. La kwanza ni kwamba gharama hiyo tunailipa tayari, ila tunailipa bila kuiona, kwa watoto wanaorudia darasa, wanaoacha shule, na kwa saa nyingi ambazo walimu wote 12 hupoteza, kila mmoja kwa wakati wake, wakihangaika na tatizo lilelile la mtoto yuleyule. La pili ni kwamba shule zetu zimeweza kupunguza mzigo wa vipindi vya mwalimu wa taaluma bila kungoja uhaba uishe, kwa sababu kila mtu anakubali kwamba bila yeye shule haiendi. Kwa hiyo tatizo si uhaba peke yake. Kuna pia suala la kazi ipi tumeamua kwamba ni ya lazima na ipi tumeiacha kwa hisani ya mwalimu mwenye moyo.

Kwa sababu hiyo ningependekeza mpangilio ulio kinyume cha ule wa kawaida. Tumezoea kuanza na semina, kisha kusubiri muundo ufuate, na miaka mitano baadaye tunakuta walimu wenye vyeti vizuri wanaofundisha vipindi 30 kwa wiki kama hapo awali. Waraka utangulie: utamke kwamba kila shule ya msingi na ya sekondari ina mratibu wa mahitaji maalumu, kwamba anahudhuria vikao vya uongozi wa shule, kwamba vipindi vyake havizidi idadi itakayotajwa kwa tarakimu, na kwamba wathibiti ubora wa shule watakagua mambo hayo matatu kama wanavyokagua maandalio ya masomo. Shule ndogo za vijijini zinaweza kuruhusiwa kushirikiana mratibu mmoja katika kata. Mafunzo yaanze na kundi lililoteuliwa kwa waraka huo, likiwajumuisha wakuu wa vitengo waliopo ambao wengi wao wanaifanya tayari nusu ya kazi hii bila kutambuliwa, na wakuu wa shule zao waitwe Bagamoyo kwa siku kadhaa katika kozi ileile, ili mratibu atakaporudi na mpango wake asiwe na kazi ya kumweleza mkubwa wake kwa nini anauhitaji.